Ngiri, Mshipa na Lango la Ini: Uhakiki wa Istilahi za Ugonjwa Mmoja

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mfasiri wa lugha ya tiba, iliyo ngumu kupita nyingine ni kuutaja ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Sirosisi ya ini ni ugonjwa wa namna hiyo. Huanza kimya ndani ya ini lenyewe, kisha hujidhihirisha mahali pengine kabisa: tumboni kwa maji, kitovuni kwa uvimbe, umioni kwa damu. Daktari huona ugonjwa mmoja; mgonjwa na jamaa zake huona mitatu au minne. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa sehemu ya tatizo hilo imo katika istilahi tunazozitumia. Kila sura ya ugonjwa huu imepewa jina lililotoka mahali tofauti, na majina hayo hayajuani. Kipimo tutakachokitumia ni kimoja: mtu akilisikia neno, je, atajua aende wapi, na kwa haraka gani?

Kwa nini Kariakoo

Tumeipima lugha hii kwa sikio la Kariakoo, katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kwa sababu tatu. Kwanza, hapo hukutana watu wa kila mkoa, na kila mmoja huja na Kiswahili chake. Neno litakaloeleweka Mtaa wa Kongo lina matumaini ya kueleweka pengine. Pili, dawa za kila aina huuzwa hapo. Maduka ya dawa yamepakana na wauza mizizi na magome, na mbao za matangazo huyataja maradhi kwa maana ambazo kamusi hazizisimamii. Tatu, Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga, mwendo wa miguu kutoka sokoni. Kwa hiyo mgonjwa wa Kariakoo akichelewa, hatuwezi kusingizia umbali. Aghalabu amecheleweshwa na fedha, au na hofu, au na neno. Mawili ya kwanza hayamo katika uwezo wetu. La tatu ndilo kazi yetu.

Dhana kabla ya jina

Hapana budi tuueleze kwanza ugonjwa wenyewe, maana huwezi kulipima jina la kitu usichokijua. Damu itokayo kwenye tumbo la chakula, matumbo na wengu hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini, nalo ini huishughulikia kabla ya kuiruhusu kupita. Mabingwa wa zamani wa Ulaya walipafananisha mahali hapo pa kuingilia na lango, na mshipa huo wakauita kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo. Ini likiumizwa kwa miaka mingi, ama na virusi vya homa ya ini vya aina ya B au C, ama na pombe, ama na mafuta yaliyolundikana ndani yake, hujiganga kwa kuweka makovu. Makovu yakizidi, nyama laini ya ini hugeuka vinundu vigumu na damu hukosa njia.

Yanayofuata aweza kuyafahamu kila aliyewahi kuiona Barabara ya Msimbazi imeziba jioni. Magari hayasimami yote; mengine huingia vichochoroni, katika njia zisizojengwa kwa ajili ya malori. Damu nayo hutafuta vichochoro. Hupita katika mishipa myembamba ya umio, mishipa hiyo huvimba, na siku moja yaweza kupasuka. Hapo mgonjwa hutapika damu au hupata choo cheusi kama lami. Wengu nao huvimba. Maji huvuja na kujaa tumboni, na yakijaa huusukuma ukuta wa tumbo mahali palipo dhaifu, hasa kitovuni, na ngiri hutokeza. Yasipopunguzwa, ngozi ya kitovu huwa nyembamba, hung'aa, huweza kufanya kidonda, na mwisho yaweza kuachia. Maji humwagika, pengine hata utumbo hutokeza, na vijidudu hupata njia ya kuingia. Ni hatari iwezayo kuua kwa muda mfupi.

Tukio hilo la mwisho lilielezwa mwaka 1961 na daktari Frank Flood, na katika vitabu vya tiba hujulikana kwa jina lake. Hapa mfasiri ajihadhari. Jina hilo la ukoo, katika Kiingereza, linafanana na neno lenye maana ya mafuriko; na kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa maji kumwagika, ni rahisi mno kuandika 'ugonjwa wa mafuriko' na kuridhika. Tafsiri hiyo ingependeza masikioni, lakini ingekuwa imevunja kanuni: jina la mtu halifasiriwi.

Ngiri na mshipa

Kamusi hulipa neno ngiri maana mbili, mnyama wa porini na ugonjwa. Ya mnyama haimsumbui mtu. Tatizo liko katika maana ya tatu, ambayo ni ya sokoni. Katika mbao za wauza dawa, ngiri huwa ni tumbo kunguruma, kiuno kuuma, mwanamume kupungukiwa na nguvu, na mara nyingine hayo yote pamoja. Hukaribiana na chango, hata wengine huyataja maneno hayo mawili kwa pumzi moja. Ngiri ya namna hiyo hunywewa dawa. Ngiri ya daktari haiondoki kwa dawa ya kunywa, kwa sababu ni upenyo katika ukuta wa tumbo, na upenyo huzibwa kwa upasuaji. Basi mtu aliyeambiwa hospitalini kuwa ana ngiri ya kitovu, kisha akanunua dawa ya ngiri sokoni, amefuata neno kama alivyolijua. Katika sirosisi madhara yake ni makubwa zaidi, kwa kuwa ngiri ni ishara tu ya ini lililoziba, na dawa hiyo isiyojulikana ndani yake mna nini itapita katika ini lile lile lililokwisha chakaa.

Upo na mtego mwingine. Ngiri ya mgonjwa huyu imejaa maji. Mwandishi akiieleza kwa ufupi kuwa ni 'ngiri maji' atakuwa ametaja busha, ambalo ni jambo jingine, la mahali pengine, lenye tiba nyingine. Ndiyo sababu tunasisitiza kuwa ngiri itajwe daima pamoja na mahali pake: ngiri ya kitovu, ngiri ya kinena.

Neno mshipa nalo limebeba mizigo mingi kupita kiasi. Ni njia ya damu iendayo na irudiyo. Ni mshipa wa fahamu. Katika mazungumzo ni hata msuli uliokaza. Na kwa watu wengi wa mwambao ni ngiri na busha pia. Tuchukue mfano wa kauli fupi, 'mshipa umepasuka'. Mmoja ataelewa kuwa kitovu kimeachia. Mwingine ataelewa kuwa mgonjwa anatapika damu. Wa tatu atadhani ni kiharusi. Wa nne, aliyezoea kusema kuwa mshipa umemshtuka mgongoni, atakwenda kununua vidonge vya diklofenaki; na dawa za kutuliza maumivu za jamii hiyo ni hatari kwa mwenye sirosisi, kwa kuwa huweza kuchochea kutoka damu na kudhuru mafigo. Walimu wa sayansi wamekwisha zoea ateri na vena. Hatuoni sababu ya istilahi hizo kuishia darasani. Katika maandishi ya tiba mshipa usimame peke yake pale tu ambapo aina yake haina umuhimu.

Kupasuka, kupasuliwa, kutoboka

Kitenzi pasua kimetuzalia mpasuaji na chumba cha upasuaji. Mtu aliyepasuliwa ngiri ametibiwa. Mtu ambaye ngiri yake imepasuka yumo hatarini. Baina ya tiba na balaa pana mnyambuliko mmoja tu wa kitenzi, na mnyambuliko huo hupotea upesi katika ujumbe wa simu unaopelekwa kwa jamaa mikoani, au katika barua ya rufaa iliyoandikwa kwa haraka. Mwalimu wa sarufi ataona kuwa tofauti ya kutendeka na kutendwa ni dhahiri. Ni dhahiri katika kitabu cha sarufi, lakini istilahi ya dharura haipaswi kutegemea herufi chache kiasi hicho.

Yako maneno mengine mawili yanayoweza kufikiriwa. La kwanza ni kutumbuka. Lina nguvu, na linatoka katika lugha ya mwili. Lakini kitumbukacho ni jipu, na jipu likitumbuka mgonjwa hupata nafuu. Usaha umetoka, kilichobaki ni kupona. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, siasa ya nchi ilipolieneza neno la kutumbua majipu, maana hiyo ya kuondoa uovu kwa manufaa imezidi kuota mizizi. Mtu atakayeambiwa kuwa ngiri yake imetumbuka aweza kushukuru na kulala. Neno hilo tunalikataa.

La pili ni kutoboka. Kitoboka ni ndoo, mtumbwi au pakacha, na kila mtu ajua kuwa kilichotoboka kinavuja na hapana budi kizibwe. Dhana yetu ndiyo hiyo hasa. Tunapendekeza basi 'ngiri ya kitovu kutoboka', na kitenzi pasuka kiachiwe vena za umio. Matukio hayo mawili yakitenganishwa kwa maneno, hata huduma ya kwanza itaelezeka. Aliyetoboka ngiri afunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji safi, asirudishiwe kilichotokeza, asipakwe dawa ya majani wala majivu, apelekwe hospitali mara moja. Aliyepasuka vena za umio alazwe kwa ubavu ili asipaliwe na damu, asipewe chakula wala kinywaji, naye apelekwe mara moja. Huko wa kwanza atapewa dawa za kuua vijidudu, maji yake yatashughulikiwa, na ukuta utashonwa. Wa pili atapewa dawa za kupunguza shinikizo, na vena zilizovimba zitafungwa kwa vipete vidogo vya mpira kwa kutumia kamera ipitishwayo kinywani. Hatuwezi kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja.

Shinikizo la wapi?

Kosa linalotukera zaidi ni tafsiri ya 'shinikizo la damu la ini'. Kwa mujibu wa maneno yake haina ila: shinikizo lipo, damu ipo, ini lipo. Lakini istilahi husikika yote kwa pamoja, na shinikizo la damu kwa Watanzania ni presha, ile ipimwayo mkononi. Tuchukue mfano. Mchuuzi wa Kariakoo ameambiwa, 'Mzee, una shinikizo la damu la ini,' akapewa propranololi. Amekwenda dukani kupimwa mkono. Kijana wa duka amemtazama kwa furaha: 'Presha yako nzuri sana, baba. Tena hii ni dawa ya presha, ya nini?' Mzee ameiacha dawa. Kijana hakusema uongo. Propranololi hutumika pia kwa presha. Lakini kwa mzee huyu ilikusudiwa kupunguza msukumo wa damu langoni mwa ini ili vena za umio zisipasuke, na kipimo cha mkono hakiwezi kuuona msukumo huo. Aliyemtoa mzee katika dawa yake ni neno damu, lililowekwa mahali lisipohitajika.

Twapendekeza 'shinikizo la lango la ini'. Neno damu liondoke, neno lango liingie. Wako watakaouliza kama lango litaeleweka. Twawajibu kuwa Kiswahili cha tiba kina mfano wake tayari: saratani ya mlango wa kizazi imeenea katika matangazo ya kliniki, na hakuna mama anayedhani kuwa ni mlango wa nyumba. Lango la ini lafuata njia hiyo hiyo, tena linakwenda sawa na asili ya Kilatini.

Sirosisi, makovu na homa

Juu ya jina la ugonjwa wenyewe, yanayosikika ni mengi: ini kusinyaa, ini kunyauka, ini kuoza. Kuoza ni uongo unaotisha. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa ini lake limeoza huona hakuna haja ya tiba. Kunyauka hukinzana na tumbo lililojaa maji. Kusinyaa kuna ukweli kwa ugonjwa uliokomaa, lakini mwanzoni ini laweza hata kuwa kubwa.

Tulishawishika kwanza na 'makovu ya ini', kwa kuwa yanaeleza kisa chote. Lakini kanuni ya istilahi yadai jinsi itofautishwe na aina. Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria hupatwa na kichocho cha tumbo, ambacho mayai ya minyoo yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini. Makovu hujengeka kando ya matawi ya vena ya lango, lango huziba, na mgonjwa hutapika damu. Ilhali chembe za ini aghalabu hubaki zikifanya kazi vizuri. Huyo ana makovu ya ini, ana shinikizo la lango, wala hana sirosisi, na matumaini yake ni tofauti. Dar es Salaam inao wengi waliotoka huko, na katika mji huu kichocho hufahamika zaidi kwa mkojo wa damu. Kwa hiyo makovu ya ini yawe jina la jinsi, na sirosisi iwe aina mojawapo.

Wako watakaolalamika kuwa sirosisi ni neno geni lisiloeleza kitu. Ni kweli, lakini halikueleza mengi tangu lilikozaliwa. Lilitungwa na daktari Mfaransa René Laennec mwaka 1819 kwa neno la Kiyunani linalotaja rangi, kwa sababu ini aliloliona lilikuwa la manjano iliyokoza. Wazungu wenyewe wameishi na neno la rangi kwa zaidi ya miaka 200. Na Kariakoo je? Ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, lililotiwa sauti za Kiswahili hata hakuna alionaye kuwa geni. Mkopo si dhambi ukipewa maelezo na kuachiwa muda.

Homa ya ini, kwa upande wake, ni istilahi iliyokwisha enea, na hatudhani kuwa yafaa kuing'oa. Yafaa kuionya. Wengi wenye virusi vya B hawana homa hata kidogo, na husema, 'Mimi sina homa.' Wengine husema, 'Mimi sinywi pombe,' wakidhani kuwa ini huharibiwa na ulevi tu. Tangu mwaka 2002 chanjo ya virusi vya B imo katika chanjo za kawaida za watoto wachanga nchini. Watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kila tangazo litajalo homa ya ini liongeze sentensi moja: ugonjwa huu waweza kuwamo bila homa.

Maji ya tumboni

Kwa maji yanayojaa tumboni, wapenzi wa maneno ya kale wametaja istiska, lenye asili ya Kiarabu. Ni neno zuri, lakini kwa Mwislamu wa Kariakoo istiska ni sala ya kuomba mvua. Kumwambia ana istiska mtu ambaye tumbo lake limejaa maji, kisha kumkataza chumvi, ni kumtia katika fumbo. 'Maji ya tumboni' yatosha. Tena yana faida: mtu huelewa kwa nini anapewa vidonge vya kumkojosha, kwa nini apunguze chumvi inayoyashikilia maji mwilini, na kwa nini mengine hutolewa kwa sindano. Muhimu zaidi, huelewa kwa nini mpasuaji aweza kumwambia asubiri. Kuishona ngiri ya kitovu baada ya maji kupunguzwa ni salama kuliko kuishona kwa dharura ikiwa imekwisha toboka. Anayedhani kuwa ngiri na maji ni maradhi mawili huona kuwa anazungushwa.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijaribiwe katika tafsiri, barua za rufaa, matangazo na masomo:

1. Lango la ini: mahali damu ya matumbo na wengu inapoingilia ini. Mshipa wake ni vena ya lango.
2. Shinikizo la lango la ini: msukumo uliozidi katika vena hiyo. Lisiandikwe 'shinikizo la damu la ini'.
3. Makovu ya ini: jina la jumla. Sirosisi ya ini: makovu yaliyoenea ini zima na kuligeuza vinundu.
4. Maji ya tumboni yatokanayo na lango la ini.
5. Ngiri ya kitovu, na ngiri ya kitovu kutoboka. Maneno 'ngiri maji' yasitumike hapa.
6. Vena za umio kuvimba, na vena za umio kupasuka.

Msomaji ataona kuwa la kwanza ndilo mzazi wa mengine. Mgonjwa akielezwa lango mara moja, maji, ngiri na damu vitakuwa na asili moja katika akili yake, naye hataona haja ya kutafuta dawa tatu katika vibanda vitatu. Mtumishi wa ofisi ajazaye fomu ya bima, mwalimu wa chuo cha uuguzi na mfasiri wa kijitabu cha afya watakuwa wanazungumza jambo lile lile.

Tunajua kuwa neno haliwi sanifu kwa kuandikwa katika gazeti hili. Tunawaomba wasomaji, hasa walio Mwanza, Ukerewe na sehemu nyingine za Ziwa, watuandikie namna watu wa huko wanavyokitaja kichocho cha tumbo na damu inayotapikwa kwa sababu yake. Huenda lipo neno lililo bora kuliko letu. Walio mahospitalini watuarifu ni wapi wagonjwa wanakwama wakiambiwa lango la ini. Majibu hayo ndiyo yatakayotuonyesha yapi ya kubakizwa na yapi ya kufutwa.